Mcheza Kwao Hutuzwa? Maisha ya Robert Serumaga

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii kila mmoja wetu ameiandikia insha angalau mara moja, na wengi wetu tuliimaliza vivyo hivyo: fulani alicheza kwao, akashangiliwa, akapewa zawadi, na hadithi ikaishia hapo. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyecheza kwao kwelikweli, tena akacheza kuliko wengi wa wakati wake, lakini ikambidi aikimbie nchi ile ile aliyoichezea. Jina lake ni Robert Serumaga. Alikuwa mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji wa michezo, na mwishowe waziri wa serikali. Alizaliwa Uganda, akasomea Ireland, na akafia papa hapa Kenya, mjini Nairobi, mji ambao ukipanda matatu hapa Witeithie asubuhi unafika kabla chai haijapoa, mradi tu barabara iwe na nafasi.

Nimemchagua kwa sababu moja. Kila mwaka, msimu wa michezo ya kuigiza ya shule unapofika, sisi wanafunzi hudhani kwamba kuigiza ni kupiga kelele. Mwenye sauti kubwa ndiye anayepewa nafasi ya mfalme, na mwenye sauti ndogo huambiwa asimame nyuma ashike mkuki. Serumaga alituonyesha kwamba mtu anaweza kufunga mdomo kabisa na bado asikike, hata mahali ambapo kusema kunaweza kumtoa roho.

Kuzaliwa na masomo

Robert Serumaga alizaliwa mwaka wa 1939 katika nchi ya Buganda, ambayo ni sehemu ya Uganda. Alilelewa zaidi na mama yake, katika imani ya Kikatoliki. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, kama sisi, na mtoto aliyefanya vizuri darasani alikuwa tumaini la ukoo mzima. Uganda ilijipatia uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na nchi changa ilihitaji watu wake wasome haraka ili washike kazi zilizoachwa na wakoloni.

Kijana Serumaga alikwenda ng'ambo. Wenzake wengi walikwenda London, lakini yeye alifika Dublin, mji mkuu wa Ireland, akaingia Chuo Kikuu cha Trinity. Huko hakusomea uigizaji. Alisomea uchumi, na mwaka wa 1965 alipata shahada yake ya uzamili. Hebu fikiria furaha ya mzazi aliye nyumbani akisikia kwamba mwanawe ni mtaalamu wa uchumi! Benki zinamngoja, wizara zinamngoja, gari linamngoja. Kumbe mtoto mwenyewe moyo wake uko jukwaani.

Mji wa waigizaji

Hapa inafaa tutue kidogo tuuangalie mji huo wa Dublin, kwa maana ukiujua utaelewa mengi katika maisha ya Serumaga.

Ireland ni kisiwa kidogo karibu na Uingereza. Nayo ilitawaliwa na Waingereza, tena kwa mamia ya miaka kabla yetu. Watu wake walinyang'anywa ardhi, na lugha yao ya asili ikasukumwa pembeni. Walipoanza kudai nchi yao, mojawapo ya silaha walizoshika ilikuwa mchezo wa kuigiza. Mshairi W. B. Yeats na rafiki yake Lady Gregory walishirikiana na wenzao kuanzisha ukumbi wa Abbey, uliofunguliwa Dublin mwezi wa Desemba 1904. Nia yao ilikuwa watu wa Ireland wajione jukwaani kama watu kamili, wala si kama vikaragosi vya kuwachekesha Waingereza.

Lakini kucheza kwao hakukuwa rahisi. Mwaka wa 1907 mchezo wa J. M. Synge ulizua fujo ukumbini kwa sababu watazamaji waliona umewatukana watu wa mashambani. Mwaka wa 1926 fujo ikazuka tena, mara hii kwa mchezo wa Sean O'Casey uliowaonyesha wapigania uhuru wa 1916 bila kuwapamba. Yeats, mzee wa makamo, alipanda jukwaani mwenyewe kuwakabili watazamaji waliokuwa wakipiga mayowe. Hata hivyo, Abbey haikufungwa. Kuanzia mwaka wa 1925 serikali ya Ireland ilikuwa ikiipa ruzuku, na iliendelea kuipa hata pale michezo ilipoudhi watu.

Kutoka ukumbi huo mdogo walitoka waigizaji waliosifika duniani. Barry Fitzgerald alikuwa karani wa serikali aliyeigiza jioni baada ya kazi. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40 alipoacha ukarani ili awe mwigizaji wa kudumu. Baadaye alikwenda Marekani, na akapata tuzo ya Oscar kwa nafasi ya padri mzee katika filamu ya Going My Way ya mwaka wa 1944. Sara Allgood, aliyekuwa mmoja wa waigizaji wa kwanza kabisa wa Abbey, naye alifika Hollywood na kuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya mwaka wa 1941. Jack MacGowran, mzaliwa wa Dublin, alijulikana kote kwa kuigiza michezo ya Samuel Beckett, ambaye mwenyewe alisoma pale pale Trinity miaka mingi kabla ya Serumaga. Kwa hiyo methali yetu ilifanya kazi kwao kwa namna yake: walijifunza kucheza nyumbani, dunia ikawatuza.

Serumaga alipokuwa Dublin, jengo la Abbey lenyewe halikuwapo. Lilikuwa limeungua mwaka wa 1951, na jengo jipya halikufunguliwa hadi Julai 1966. Katika miaka yote hiyo waigizaji wa Abbey walicheza katika ukumbi mwingine, uliojulikana kama Queen's. Hawakuvunjika moyo wala kutawanyika. Somo ni lipi? Kwamba kikundi cha michezo si matofali. Ni watu. Serumaga alikuja kulihitaji somo hili kuliko lile la uchumi.

Kurudi na kuanza

Baada ya masomo alifanya kazi ya redio mjini London, katika vipindi vilivyohusu Afrika na waandishi wake. Miongoni mwa waliohojiwa naye alikuwamo Chinua Achebe wa Nigeria, ambaye vitabu vyake tunavisoma hadi leo. Kisha akarudi nyumbani.

Uganda aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote lilishambulia jumba la Kabaka wa Buganda. Aliyeongoza mashambulizi alikuwa afisa mmoja aliyeitwa Idi Amin. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafia London mwaka wa 1969. Watu walianza kujifunza kunong'ona.

Mjini Kampala kulikuwa na Jumba la Kitaifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka wa 1959. Wakati huo Waafrika walikuwa bado wakipigania nafasi yao katika michezo ya kuigiza. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha chama cha waigizaji Waafrika tangu 1954 na kuandika michezo kwa Kiganda. Serumaga naye aliingia kwa mlango wake. Mwishoni mwa miaka ya sitini alishiriki kuanzisha kikundi cha Theatre Limited, kilichotaka kuigiza kama kazi hasa, si kama burudani ya Jumamosi. Hapo ndipo mtaalamu wa uchumi alipojitosa majini. Naamini kulikuwa na majirani waliotikisa vichwa.

Hatua ya kwanza: maneno

Mchezo wake wa kwanza ulionyeshwa mwaka wa 1967, na aliuita A Play, yaani mchezo tu, basi. Unamhusu mzee anayeitwa Mutimukulu, ambaye mkewe ameuawa, na siku ya ukumbusho wa kifo chake dhamiri inamjia na kumtesa. Ukiusoma huoni hadithi iliyonyooka kama tulivyozoea. Watu wanaingia na kutoka kama katika ndoto, na mtazamaji anaachwa aamue mwenyewe ni nini cha kweli. Ndiyo maana wahakiki wengi humweka Serumaga karibu na Beckett.

Mwaka wa 1969 alitoa riwaya, Return to the Shadows. Humo kuna nchi inayoitwa Adnagu. Sasa, msomaji, lisome jina hilo kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Umeona? Ni Uganda. Riwaya hiyo inamhusu msomi mwenye mali, Joseph Musizi, ambaye nchi yake imezoea mapinduzi. Kila serikali ikipinduliwa yeye hukimbilia kijijini kwa mama yake, kisha mambo yakitulia hurudi mjini kula raha. Lakini safari hii damu inafika mlangoni kwake, na anaona aibu ya kukimbia kila mara. Kitabu hicho kilichapishwa miaka miwili kabla ya Amin kunyakua madaraka. Mwandishi hakuwa mganga. Alitazama tu yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Kisha ukaja mchezo wa The Elephants, na mwaka wa 1971 ukaja Majangwa. Majangwa na mkewe Nakirijja ni watu mashuhuri katika masimulizi ya Waganda: watumbuizaji wa barabarani, hodari wa ngoma na nyimbo. Katika mchezo wa Serumaga tunawakuta wamechoka. Watu hawakutosheka tena na ngoma safi. Walitaka mambo ya aibu, na watumbuizaji, kwa sababu ya njaa, wakawapa. Serumaga mara nyingi alijitwika mwenyewe nafasi ya mhusika mkuu katika michezo yake. Na katika mchezo huu aliuliza swali linalomhusu kila msanii: ukicheza kwenu, nao wenzako wakataka uchafu, utawapa uchafu ili wakutuze?

Hatua ya pili: nusu maneno, nusu mwili

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwanzoni watu wa Kampala walicheza barabarani kwa furaha. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1972 Amin aliwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 tu za kuondoka. Wanajeshi na majasusi walianza kuwachukua watu mchana kweupe, wengi wakatiwa ndani ya buti za magari na wasionekane tena. Majaji, wasomi na wafanyabiashara walitoweka.

Sasa jiweke katika viatu vya mwandishi wa tamthilia. Kila neno unaloliandika ni ushahidi. Askari akiokota karatasi yako anaweza kukusomea mstari mmoja na kukuuliza ulimaanisha nani. Wengine waliacha kuandika. Wengine walihama. Serumaga alibadilisha namna ya kucheza.

Alikusanya vijana, akaunda kikundi kipya kilichoitwa Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi. Hawa hawakuwa watu wa kuja mazoezini baada ya kazi. Aliwafundisha kama wanariadha wanavyofundishwa: pumzi, viungo, kuruka, kuimba, kucheza ngoma za makabila mbalimbali, kukaa kimya bila kutikisika. Alichanganya mafunzo ya wataalamu wa Ulaya, kama vile Stanislavski wa Urusi na Grotowski wa Poland, na ngoma, miviga na masimulizi ya Uganda. Hakuona aibu kukopa, lakini alichokopa alikipikia jikoni kwake.

Matunda yake yalikuwa mchezo wa Renga Moi wa mwaka wa 1972. Unatokana na masimulizi ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Renga Moi ni shujaa. Mkewe amejifungua mapacha, na mila inamdai mambo mengi baba wa mapacha, ambayo hawezi kuyaacha bila kuleta balaa. Wakati huo huo maadui wanakishambulia kijiji. Akienda vitani, nyumba yake imo hatarini. Akibaki nyumbani, kijiji kinaangamia. Afanye nini? Mchezo ulitumia lugha kadhaa kwa pamoja, hivi kwamba hapakuwa na mtazamaji aliyeelewa kila neno, wala hapakuwa na aliyeachwa nje. Ngoma, wimbo na mwili vilibeba maana.

Abafumi walialikwa katika nchi nyingi za ng'ambo. Mwaka wa 1975 walionyesha Renga Moi mjini London, katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu maalumu uliokusanya vikundi bora kutoka pembe zote za dunia. Vijana wa Uganda, nchi ambayo wakati huo magazeti ya Ulaya yaliitaja kwa mauaji tu, walisimama mbele ya watu wa London wakiwa wachezaji wa hali ya juu.

Hapa mtu anaweza kuuliza, tena ni swali la haki: je, Serumaga hakuwa akimsaidia Amin? Kikundi kilichozunguka dunia kwa jina la Uganda kiliipa nchi sura nzuri, na dikteta hupenda sura nzuri. Mimi naona hivi. Jina la Uganda halikuwa la Amin peke yake, na wale vijana wangenyamaza wangekuwa wamemwachia hata hilo jina. Lakini sikulazimishi. Jambo hili lingefaa mdahalo wa chama chetu, na nadhani pande zote mbili zingekuwa na hoja.

Hatua ya tatu: kimya

Mwaka wa 1974 Serumaga alitoa mchezo wa Amayirikiti. Neno hili ni la Kiganda na ni jina la mti. Mti wenyewe unaujua, msomaji, hata kama jina hulijui. Ni ule ambao wazee wetu hapa huuita muhuti. Wameupanda mipakani mwa mashamba tangu zamani. Gome lake lina miiba, na ukifika wakati wake hupukutisha majani yote, kisha juu ya matawi makavu hutoka maua mekundu kama makaa ya moto.

Ulimwengu uliijua Thika kwa miti ya maua ya moto kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka wa 1959, ambacho mwaka wa 1981 kilifanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza. Hadithi ile ilikuwa ya mtoto wa walowezi aliyeitazama nchi yetu kwa mshangao. Katika mchezo wa Serumaga maua mekundu yana kazi nyingine kabisa. Yanapoanguka chini, yanaifanya ardhi iwe nyekundu, na kila raia wa Uganda wa wakati ule alijua ni kitu gani kilichokuwa kikiifanya ardhi yao iwe nyekundu.

Katika Amayirikiti hakuna mazungumzo. Hakuna hata sentensi moja ya kumtia mtu hatiani. Kuna miili inayojikunja, ngoma, vilio, miguu inayokanyaga, mikono inayoomba. Hebu mpe askari kazi ya kukamata hayo! Ataandika nini katika ripoti yake? Kwamba mwigizaji fulani aliinama? Kwamba mwingine alianguka na hakuinuka? Ndugu zangu, huu haukuwa ujanja wa mtoto. Watazamaji walielewa, na walioelewa walikuwa hatarini pamoja na walioigiza.

Ukizitazama hatua hizi tatu unaona jambo la ajabu. Mwaka wa 1967 alianza na maneno mengi ya Kiingereza. Mwaka wa 1972 maneno yakagawanywa katika lugha kadhaa na kupunguzwa nguvu. Mwaka wa 1974 yakaisha. Kadiri nchi ilivyozibwa mdomo ndivyo mwili wa mwigizaji ulivyozidi kusema.

Mwaka wa 1977

Hata ujanja una mwisho. Mapema mwaka wa 1977 kulikuwa na tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos, Nigeria. Uganda iliwakilishwa na mchezo wa Oluyimba lwa Wankoko, maana yake wimbo wa jogoo, ulioandikwa na Byron Kawadwa. Huyu Kawadwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa sanaa katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Waliporudi nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama, akauawa. Mwezi wa Februari mwaka huo huo aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum.

Kawadwa alikuwa amecheza kwao. Zaidi ya hayo, alikuwa ametoka kuiwakilisha nchi yake mbele ya Afrika nzima. Tuzo yake ikawa kifo. Serumaga aliona ishara, akaondoka Uganda.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Uganda pekee. Mwaka ule ule wa 1977, huko Kamiriithu, Limuru, si mbali na hapa, wakulima na wafanyakazi waliigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Ulianza kuonyeshwa Oktoba, Novemba ukapigwa marufuku, na mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Sisi tulimfunga mwandishi wetu. Kwa hivyo tukiwacheka majirani, tucheke kwa adabu.

Kutoka jukwaani hadi vitani

Nairobi ikawa makao ya Serumaga uhamishoni. Hapa aliungana na raia wenzake wa Uganda waliokuwa wakipanga kumwondoa Amin, na akawa mmoja wa viongozi wao. Yule aliyefundisha vijana kuanguka jukwaani bila kuumia sasa alishughulika na vita ambavyo anayeanguka haamki.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania katika eneo la Kagera. Mwalimu Nyerere alijibu kwa vita. Mwezi wa Machi 1979 vikundi vya Uganda vilivyokuwa uhamishoni vilikutana Moshi na kuunda umoja mmoja, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikakombolewa. Profesa Yusuf Lule akawa Rais, na Serumaga akateuliwa Waziri wa Biashara. Hatimaye ile shahada ya uchumi ya Dublin ikapata kazi!

Haikudumu. Serikali ya Lule ilikaa siku 68 tu. Tarehe 20 Juni 1979 aliondolewa, na Serumaga akajikuta tena njiani kuja Nairobi, mkimbizi kwa mara ya pili. Kumbuka yule Musizi wa riwaya yake, aliyekimbia kila serikali ilipobadilika. Aliyoyaandika mwaka wa 1969 yalimpata mwenyewe miaka kumi baadaye.

Mwezi wa Septemba 1980, Robert Serumaga aliaga dunia mjini Nairobi. Kifo kilimjia ghafla, akiwa na umri wa miaka 41 hivi. Huo ni umri ambao Barry Fitzgerald wa Ireland ndio kwanza alikuwa anaacha ukarani ili aanze kuigiza kwa kudumu. Mmoja alikuwa anafungua mlango na mwingine mlango ulikuwa unamfungia.

Je, alituzwa?

Turudi kwenye methali yetu. Ukipima tuzo kwa pesa na vikombe, jibu ni rahisi: Serumaga alipata kidogo na kupoteza vingi. Alipoteza ukumbi, kikundi, nchi na uhai.

Lakini ziko tuzo nyingine. Vitabu vyake vingali vinasomwa. Anapotajwa mwanzo wa uigizaji wa kisasa Afrika Mashariki, jina lake halikosekani. Mwanawe, Kalundi Serumaga, alifuata njia ya sanaa na uandishi, na akawahi kuwa mkurugenzi wa lile lile Jumba la Kitaifa la Maonyesho la Kampala. Na kubwa zaidi, watu waliokaa gizani wakiangalia Amayirikiti walijua kwamba mtu fulani amewaona. Wakati watu wanapotoweka na hakuna ruhusa hata ya kuwalilia hadharani, kuonwa ni tuzo, na Serumaga ndiye aliyewatuza wao.

Ireland nayo inatufundisha jambo. Watu wa Dublin walipiga kelele, wakarusha vitu jukwaani, lakini kesho yake Abbey ilifungua milango. Ndiyo maana waigizaji wake walipata muda wa kukua hadi wakazeeka katika kazi. Uganda haikukosa vipaji. Iliwanyima wenye vipaji muda. Methali inasema mcheza kwao hutuzwa, nami naongeza kwa unyenyekevu kwamba kwanza inabidi kwao wamwache acheze.

Basi, wenzangu wa chama, msimu ujao tutakapokusanyika katika bwalo kusukuma meza na kufanya mazoezi, tukumbuke kwamba ile nafasi tuliyo nayo ya kumwigiza mwalimu wa zamu mbele yake, naye akacheka, si kitu kidogo. Wapo walioililia nafasi kama hiyo. Na yule mwenzetu wa sauti ndogo tusimpe mkuki asimame nyuma tena. Tumwambie ajaribu kusimama mbele, anyamaze, na atuonyeshe.